Kuuweka Msumeno wa Umeme Nyumbani

Mtu apitaye barabara kuu kutoka Kilifi kwenda Malindi huona vitanda, milango na meza zimepangwa kando ya njia, na nyuma yake husikia sauti ya misumeno ya umeme. Zamani kazi ya kupasua gogo ilikuwa ya watu wawili, mmoja akisimama juu na mwenziwe chini, wakivutana na msumeno mrefu tangu asubuhi mpaka jua kutua. Leo si mafundi peke yao wenye mashine hizi. Makarani na walimu wengi wamejijengea karakana ndogo uani, na mkulima ambaye mwembe wake umezeeka, au mwarobaini wake umeangushwa na upepo, huona ni hasara kuufanya kuni na huku waweza kuwa makabati.

Mimi nami ni mmoja wa watu hao. Nilinunua msumeno wa meza Mombasa, wenye mota ya nguvu za farasi 2, nikaupakia juu ya gari mpaka Malindi. Majirani walikuja kuutazama kama watu wanaotazama bibi arusi. Kwa ajili ya haraka yangu niliufunga siku ile ile: waya nikauunga mwenyewe, swichi nikatia ya kawaida, kama ile ya taa, kisha nikaanza kupasua mbao. Ulikata vizuri sana, nami nikajiona fundi.

Baada ya majuma mawili, umeme ulikatika wakati wa alasiri, ubao ukiwa nusu njia. Niliuondoa ubao, nikanawa, nikaenda zangu. Swichi sikuizima, kwa sababu mashine iliyonyamaza haimkumbushi mtu kitu. Jioni mwanangu mdogo aliingia karakana kukusanya unga wa mbao. Alikuwa amepangusa meza ya msumeno kwa kiganja chake, akageuka kuchukua kapu, na hapo umeme ukarudi. Nilimsikia akipiga kelele: "Baba! Msumeno umeamka!" Nilipofika nilimkuta amesimama ukutani na kapu mkononi, na bamba la meno linazunguka peke yake katika giza. Usiku ule sikulala sawasawa.

Asubuhi nilimwita fundi wa umeme mwenye leseni. Alitazama kazi yangu kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema, "Mzee, mashine yako ni nzima. Mlango wake ndio mbovu." Maana yake ni swichi. Nami naona yafaa niandike aliyonifundisha, kwa kuwa nimekwisha kuona karakana nyingi zilizofungwa kama yangu ilivyokuwa.

Iko swichi iliyotengenezwa makusudi kwa mashine za namna hii. Ina vitufe viwili, cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima, na ndani yake mna sumaku ya umeme. Ukibonyeza kijani, sumaku hupata nguvu na kuvishika vyuma vinavyopitisha umeme. Umeme ukikatika, hata kwa nukta chache, sumaku hulegea na vyuma huachana. Na umeme urudipo, mashine hukaa kimya mpaka mtu aje abonyeze tena kwa kidole chake. Katika nchi ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hasa siku za upepo na mvua, sijui kifaa kingine cha bei ndogo kinachostahili kununuliwa kabla ya hiki. Mashine nyingi mpya huja nacho. Zile zilizotumika, na zile zilizotengenezwa uani, mara nyingi hazinacho.

Jambo la pili ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Watu hudhani ya kuwa fyuzi itawaokoa. Fyuzi kazi yake ni kuzuia waya usiungue, haimjui mtu. Tufanye hesabu. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini, na ardhi yetu ya pwani ni mchanga na matumbawe, ambayo wakati wa kiangazi haipitishi umeme vizuri. Ikiwa fimbo ina ukinzani wa omu 50, na waya wa moto ukagusa mwili wa mashine, basi volti 240 zitasukuma ampea 4.8 tu kwenda ardhini. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika kamwe kwa kiasi hicho. Meza ya chuma itabaki na umeme, ikimngoja mtu wa kuiegemea. Kwa hiyo pamoja na fimbo yenye kufika kwenye udongo wenye unyevu, hapana budi kuwe na swichi ya kinga inayokata mara umeme unapovuja, nayo iwe ya miliampea 30. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi, maana hewa ya chumvi huharibu vitu vya ndani polepole bila mtu kujua.

Rangi za waya nazo zimewachanganya wengi. Katika nyumba za zamani nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, na kijani ni athi. Mashine za sasa huja na kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani yenye mstari wa njano kwa athi. Mashine za zamani za laini tatu zilitumia buluu kuwa moja ya laini za moto, na zile mpya hutumia nyeusi kwa kazi hiyo hiyo. Basi asiyepima kwa kifaa, akaamini macho, aweza kukosea vibaya.

Habari ya laini tatu ni hasara iliyompata jirani yangu. Aliona msumeno mkubwa wa kiwanda unauzwa kwa bei ya kutupa, akaununua, na alipoufikisha nyumbani akaambiwa ya kuwa unataka volti 415 kwa laini tatu, naye ana laini moja. Mpaka leo kuku hulala juu yake. Kabla ya kutoa fedha, soma kibati kilichopigwa kwenye mota. Tazama volti, na tazama pia mizunguko kwa sekunde: umeme wetu ni wa mizunguko 50, na mashine zilizotengenezwa kwa Marekani ni za 60. Mota ya namna hiyo ikiletwa huku huzunguka polepole kwa sehemu moja katika sita, tena hupata joto kupita kiasi, hata kama volti zake zimelingana.

Mota ya nguvu za farasi 2 hula karibu ampea 10 ikiwa kazini, kwa hiyo plagi ya ampea 13 huitosha. Ya farasi 3 hufika 13 au 14, nayo yataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, na kikata-umeme cha aina ya mota, kwa kuwa kila mota inapoanza huvuta mara tano au zaidi ya chakula chake cha kawaida. Tena karakana zetu ziko uani, mbali na bodi. Umbali ukiwa mita 30, waya wa milimita mraba 2.5 utapoteza volti 7 au 8 mota hiyo ya farasi 3 ikikata, na nyingi zaidi inapoanza. Waya wa milimita mraba 4 hupunguza hasara hiyo kwa zaidi ya theluthi moja. Mota inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi inalia njaa ya volti. Na ule waya wa kurefusha ulioviringishwa kwenye gurudumu lake, usiutumie bila kuukunjua wote, maana hujipika wenyewe.

Umeme ukiwa tayari, kazi ya kuuweka msumeno ni ya subira zaidi kuliko ya nguvu. Sakafu iwe ya saruji, na miguu yote minne ikanyage. Kisha, plagi ikiwa imetolewa, tia alama jino moja la bamba, upime umbali wake mpaka mfereji wa mezani likiwa mbele, ulizungushe nyuma upime tena. Vipimo visipolingana, bamba limekaa upande, nalo litaubana ubao. Ubao uliobanwa hurushwa kumwelekea fundi. Bamba la inchi 10 likizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake hukimbia zaidi ya kilomita 190 kwa saa. Kwa mwendo huo mtu angetoka Malindi akafika Mombasa kwa dakika 40 hivi. Ndiyo sababu ya kile kisu chembamba kilichosimama nyuma ya bamba, ambacho mafundi wengi hukivua kwa kuona chawazuia. Chazuia mbao mbichi zisijifunge. Kiacheni mahali pake, kisiwe mbali na meno zaidi ya milimita 8.

Juu ya mavazi nasema kidogo tu: kikoi na mikono mipana ya kanzu havifai hapo, wala glavu. Mkono usifike karibu na meno. Utumike ubao wa kusukumia. Unga wa mvule huwasha ngozi na kifua, na wa mwarobaini ni mchungu kooni kama dawa yenyewe, basi pua ifungwe kwa barakoa nzuri. Meza ya chuma ipakwe nta na kufunikwa kila jioni, la sivyo baada ya juma moja utaona kutu nyekundu.

Swichi mpya, kinga na waya mnene vilinigharimu fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya randa ya umeme, nami mpaka sasa naparaza kwa mkono. Mwanangu bado hukusanya unga wa mbao jioni. Huingia karakana baada ya kuona plagi imewekwa juu ya meza, mbele ya macho yake.