Je, Wajua? Ngome Iliyohama

Ngome iliyozaa mji wa Kampala haisimami tena pale ilipojengwa!

Kapteni Frederick Lugard alifika Buganda Desemba 1890. Akapiga kambi na kujenga ngome juu ya kilima cha Old Kampala, akitazamana na Mengo, makao ya Kabaka (mfalme) Mwanga. Siku chache baadaye Kabaka alitia saini mkataba naye. Jina la kilima hicho kimoja ndilo lililoenea likawa la jiji zima.

Mwaka 1893 Lugard alichapisha simulizi yake ya matukio hayo: majuzuu mawili manene, yenye picha na ramani.

Makumbusho ya Uganda nayo yalianzia hapo ngomeni, mwaka 1908.

Lakini ajabu kubwa ni msikiti uliopo kilimani hapo. Idi Amin aliuanzisha miaka ya 1970. Ujenzi ukakwama kwa miongo kadhaa, hadi Muammar Gaddafi wa Libya alipougharamia. Ngome ikaondolewa kuupisha, na mfano wake ukajengwa jirani. Hasara kwa historia, naam, ila jengo lililokuja ni la fahari kweli.

Msikiti ulifunguliwa rasmi mwaka 2008. Wageni wa dini zote huruhusiwa kupanda mnara wake.