Wazo Kabla ya Kamera: Jinsi Video za Muziki Zinavyobuniwa



Katika nyumba zetu nyingi huku ughaibuni, video za muziki huingia sebuleni bila ya kupiga hodi. Wazee wengi huzipokea kwa mojawapo ya njia mbili: huamuru zizimwe, au huziacha zipite kama kelele za barabarani. Watoto nao huzitazama mara kumi bila ya kujiuliza ni nani aliyeamua wakione wanachokiona. Kwa hivyo tumeona ni vyema tueleze namna wazo la video linavyozaliwa, kwani kila kinachoonekana humo kimechaguliwa na mtu, tena kwa makusudi.

Kazi hii huanza kwa sikio. Kampuni ya muziki humpelekea mwongozaji wimbo, pamoja na kiasi cha fedha kilichotengwa na siku ya kumaliza. Mara nyingi wimbo huo huo hupelekewa waongozaji kadhaa. Kila mmoja huusikiliza tena na tena, kisha huandika ukurasa mmoja au zaidi, pengine na picha za mfano, akieleza kitakachoonekana na sababu yake. Andiko moja huchaguliwa. Mengine huwekwa kando, na aghalabu walioyaandika hawapati malipo. Wazo lisiloelezeka kwa maneno machache halifiki mbali.

Tutazame mifano mitatu.

Wa kwanza ni wazo lililozaliwa na dhiki. Mwaka 1975 kundi la Queen la Uingereza lilitoa wimbo "Bohemian Rhapsody". Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Naye basi alikuwa mtoto wa wahamiaji, kama walivyo wa kwetu. Wimbo huo ulikaribia dakika sita, na sauti zake zilirekodiwa tabaka juu ya tabaka, kiasi kwamba watu wanne wasingeweza kuziimba zote papo hapo mbele ya kamera. Mwongozaji Bruce Gowers hakutunga kisa. Ilichukuliwa picha iliyokwisha kuwapo, ya jalada la santuri yao ya mwaka 1974, ambamo nyuso nne zinatokeza gizani, ikapewa uhai. Pale sauti zinapozidi, na nyuso nazo huzidi, kwa msaada wa lenzi inayogawanya taswira. Upigaji picha ulichukua muda wa saa nne hivi.

Wa pili ni wazo la kisa. Kundi la a-ha la Norway lilikuwa na wimbo "Take On Me", ambao video yake ya awali, ya waimbaji wakiimba tu, haikuvuma. Mwaka 1985 Steve Barron aliongoza video mpya: msichana ameketi mkahawani akisoma kitabu cha katuni, mara mkono wa penseli unatoka ukurasani na kumvuta ndani. Wachoraji Michael Patterson na Candace Reckinger walichora juu ya picha zilizopigwa, moja baada ya moja, michoro ipatayo 3,000, kwa muda wa majuma 16. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wimbo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Ufundi ule ulipendeza kwa sababu uliitumikia habari yenyewe, ya watu wawili waliotenganishwa na karatasi.

Wa tatu ni wazo lililotolewa katika umbo la muziki. "Around the World" ya Daft Punk wa Ufaransa, ya mwaka 1997, hurudia maneno yale yale mwanzo hadi mwisho, wala haina kisa. Mwongozaji Michel Gondry alikipa kila chombo kundi lake la wachezaji. Besi ni wanariadha wanaopanda na kushuka ngazi. Gitaa ni mifupa mitupu. Ngoma ni watu waliozongwa vitambaa kama maiti za Misri ya kale. Sauti ya mwimbaji ni maroboti. Anayeitazama huanza kuzibainisha sauti kwa macho.

Hata hivyo, tusisahau kwamba video ni tangazo. Mwenye kulipa anataka wimbo uuzike, na njia fupi ya kuuza ni magari ya kifahari, dhahabu na miili iliyo wazi. Ndiyo maana tunawashauri wazazi waketi na watoto wao angalau mara moja na kuwauliza: Nani ameiagiza video hii? Wazo lake laweza kusemwa kwa sentensi moja? Ukiondoa nguo na magari, kinabaki nini? Mtoto aliyezoea maswali hayo atajilinda hata pale ambapo sisi hatupo, na huenda akatuonyesha uzuri ambao sisi hatukuuona.

Na vijana wetu wanaopiga picha za harusi na kaswida, somo ni hilo hilo. Kabla ya kukodi vifaa, sikilizeni, kisha andikeni ukurasa mmoja. Atakayeuandika na atuletee. Tutafurahi kuuchapisha katika kurasa hizi.