Talaka imetoka, jinai imebaki

Mwanamke wa Giheta, mkoani Gitega, Burundi, akivamiwa usiku na mtalaka wake, mlango wa kwanza anaoubisha kwa kawaida si wa polisi. Ni wa shangazi, au wa bashingantahe, wazee wa mlimani ambao tangu enzi za wafalme kazi yao ni kusuluhisha. Mwanamke na mtalaka wake huketishwa, husikilizwa, mwenye kosa huomba radhi na watu hutawanyika. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba utaratibu huo una faida kubwa. Kwa mtu aliyevunjwa mkono, hauna.

Baraza la wazee wa mlima lilirudishwa kisheria Januari 2021, ila kwa kesi za madai. Kupiga, kubaka, kuchoma nyumba na kutishia kuua ni jinai, na jinai ni ya polisi na mwendesha mashtaka. Sheria ya Septemba 22, 2016 kuhusu ukatili wa kijinsia inakwenda mbali zaidi: makosa hayo hayana msamaha, na askari au hakimu anayeyafunika naye anaadhibiwa.

Zamani ilikuwaje? Kanuni ya adhabu ya 2009 ilimpangia mume aliyembaka mkewe kifungo cha siku 8, au faini peke yake. Mwizi wa mbuzi aliweza kuogopa zaidi. Lakini nafuu hiyo ya ajabu ilimhusu mwanandoa. Talaka ikishatoka, mwanamume ni mtu baki. Na wale walioishi pamoja bila cheti, ambao mwaka 2017 serikali iliwataka wafunge ndoa kabla ya Desemba 31, wasidhani hawana pa kushtakia: jeraha haliulizwi cheti cha ndoa.

Kinachowanyamazisha wengi ni ardhi. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya kumrithisha binti shamba. Mila humpa mwana wa kiume. Aliyeachika hurudi kwa baba yake kama mgeni, huku akitegemea chochote anacholeta baba wa watoto. Mwanamume huyo akifungwa, nani atanunua daftari na sabuni? Juu ya hayo atasikia ule usemi wa Kirundi, niko zubakwa, yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Anaambiwa hivyo hata nyumba ilipokwisha kubomoka.

Kuripoti peke yake hakutoshi pia. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, Septemba 1, 2024. Mshukiwa alikuwa mpenzi wake wa zamani. Cheptegei alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya Moi, Eldoret. Baba yake aliliambia shirika la Reuters kwamba binti yake alikwenda polisi si chini ya mara tatu, mara ya mwisho Agosti 30. Sheria ya Kenya ya 2015 inawataja waziwazi waliokuwa wanandoa na inaruhusu mahakama kumkataza mtu kumkaribia mwathiriwa. Sheria ilikuwa kwenye karatasi. Petroli ilikuwa mkononi.

Gitega ina kitu ambacho sehemu nyingi za kanda hii hazina. Kituo cha Humura, kilichofunguliwa 2012, kinaweka pamoja daktari, mshauri nasaha, polisi na msaada wa kisheria, pamoja na mahali pa kulala kwa muda. Mlalamikaji hazungushwi ofisi hadi ofisi akirudia kisa kilekile mbele ya watu wapya. Vituo vya aina hiyo vilifunguliwa baadaye Muyinga, Makamba na Cibitoke.

Muda ndio mgumu. Dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Kitenge chenye damu, ambacho mama wengi hukitia kwenye beseni kabla hakujapambazuka, ni ushahidi. Kikauke, kifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Ujumbe wa vitisho kwenye simu usifutwe hata kama unachefua, na aliyesikia kelele atajwe kwa jina siku ileile. Kisha namba ya faili iandikwe mahali salama, kwa sababu polisi wa tarafa wakikaa kimya, ndiyo namba ambayo mlalamikaji ataitaja kwa mwendesha mashtaka mjini Gitega.