Sindano ya kuamsha kinga dhidi ya kanseri: kwa nini moyo uangaliwe

Makobola iko kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, pembeni ya Ziwa Tanganyika. Familia nyingi za huku ziko na ndugu mbali: Bujumbura, kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kampala, Nairobi, mpaka Marekani. Mmoja wao akipatwa na kanseri, siku hizi simu inaweza kuleta habari hii: "Mama, wameanza kunichoma dawa mpya, inaamsha kinga ya mwili." Nyumbani watu wanashukuru Mungu. Wako na haki, sababu dawa hizo zimeokoa wengi. Lakini kuna jambo moja ambalo familia inapaswa kulijua mapema: mara chache, dawa hiyo inaweza kuugeukia moyo.

Namna inavyofanya kazi

Mwili wa mtu uko na askari wake, chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Askari hao wako na freni, ili wasishambulie mwili wenyewe. Kanseri ni mjanja: inazikanyaga hizo freni, askari wanasimama, uvimbe unaendelea kukua. Dawa za imunoterapi zinaachilia freni, askari wanarudi kazini.

Wagunduzi wa njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, ipilimumab, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Mwaka 2014 zikafuata pembrolizumab na nivolumab. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alitibiwa kwa pembrolizumab pamoja na mionzi mwaka 2015, wakati kanseri ya ngozi ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Aliishi mpaka Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Askari wakikosea njia

Gari lisilo na freni halichagui fasi ya kugonga. Vilevile askari walioachiliwa wanaweza kushambulia ngozi, tumbo, mapafu, ini ao moyo. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza habari ya wagonjwa wawili waliochomwa ipilimumab na nivolumab kwa pamoja. Baada ya dozi ya kwanza tu, misuli ya moyo iliwaka kwa uvimbe, na wote wawili walikufa. Ndani ya moyo wao zilikutwa chembe za kinga za aina ileile iliyokuwa ikipigana na kanseri.

Jambo hilo ni la nadra: kwa kawaida ni mgonjwa mmoja kati ya 100, ao hata chini ya hapo. Hatari inapanda dawa mbili zikitolewa pamoja. Lakini likitokea ni kali: katika hesabu za miaka ya kwanza, karibu wagonjwa 4 kati ya 10 waliopata shida hiyo walikufa. Mara nyingi linaanza ndani ya miezi 3 ya kwanza. Huo ni wakati ambao mgonjwa anaweza kuwa ameshapanda gari na kurudi kwao.

Dalili zinazodanganya

Kupumua kwa shida, hasa akilala chali. Maumivu ya kifua. Moyo kupiga mbio ao kuruka mapigo. Miguu kuvimba, kizunguzungu, kuzimia. Wengine misuli inauma na kulegea, kope za macho zinaanguka, wanaona vitu viwili viwili.

Fasi kama Makobola, mtu aliyechoka na kuhema anapimwa kwanza malaria, na ni vizuri apimwe. Shida ni pale kipimo kinapoonyesha malaria na watu wanaishia hapo. Mtu anaweza kuwa na malaria na moyo unaoumwa kwa wakati mmoja. Wengine watasema ni kanseri yenyewe inammaliza, ama amelogwa. Wakati maneno hayo yanazunguka, siku zinapita.

Hospitali inatafuta ukweli kwa kupima umeme wa moyo, ambao karibu kila mara unaonyesha kasoro, na kwa kipimo cha damu kiitwacho troponini. Picha ya moyo kwa ekografia inasaidia, ila inaweza kuonekana sawa wakati moyo umeshaanza kuumia. Matibabu ni kusimamisha sindano za kanseri na kutoa haraka dawa za kortizoni kwa kipimo kikubwa. Hiyo ni kazi ya hospitali. Vidonge vya kununua sokoni havitoshi na vinaweza kuficha ugonjwa.

Dawa nyingine za kanseri

Zile zinazotumiwa zaidi katika ukanda huu nazo zinahitaji moyo uangaliwe. Doxorubicin, maji mekundu ya kwenye mshipa, inaweza kudhoofisha moyo hata miaka baada ya matibabu. Trastuzumab, ya aina fulani ya kanseri ya titi, inataka moyo upimwe kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3 hivi.

Karatasi moja

Kinachoweza kumsaidia mgonjwa anayerudi kijijini hakina bei kubwa: karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya sindano ya mwisho na namba ya simu ya dokta aliyeitoa. Muuguzi akiuliza, "Mama, ulichomwa dawa gani kule?", jibu liwe mkononi. Mtu wa nyumbani naye ajue karatasi inakaa wapi, sababu mgonjwa anaweza kufika akiwa hawezi kusema. Na pumzi ikianza kukatika, safari ya hospitali kubwa, Nundu ao Uvira, isingoje malaria imalize dozi yake.