Anga la usiku lamkumbusha mwanadamu wajibu wake

TANGU jadi, mwanadamu ameinua macho usiku na kujiuliza: mimi ni nani mbele ya ukubwa huu wote? Mtunzi wa Zaburi ya 8 aliuliza swali hilo hilo. Qurani nayo huwahimiza wenye akili kutafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi.

Kwa Waswahili, swali hilo halikuishia katika mshangao. Mfano bora ni Kilimia, kishada cha nyota ambamo macho matupu huona sita au saba zikiwa zimesongamana. Jina lenyewe linahusiana na kulima. Wahenga walinena kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mkulima alikitazama akajua majira yanageuka na jembe linamngoja.

Vivyo hivyo, baharia aliongozwa na nyota, naye Mwislamu hadi leo husubiri mwezi mwandamo ili aanze au amalize mfungo wa Ramadhani. Katika yote hayo, anga lilimpa mtu jambo la kutenda hapa chini.

Sayansi haijaifuta maana hiyo. Mwanga wa Kilimia husafiri takriban miaka 440 kabla ya kutufikia. Anayekitazama leo hupokea mwanga uliong'oa nanga kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mnamo 1593. Aidha, wataalamu wamebainisha kuwa madini ya chuma yaliyo katika damu yetu na kalisi ya mifupa yetu viliundwa katika nyota zilizokufa kabla dunia haijakuwako. Tajiri na maskini asili yao ni moja.

Wapo wasemao kwamba udogo wetu ni ithibati kuwa maisha hayana maana. Mnamo 1990, chombo cha Voyager 1 kiliipiga dunia picha kutoka umbali wa kilomita bilioni sita, ikaonekana kama chembe ya vumbi. Hata hivyo, mwanafalaki Mmarekani Carl Sagan, aliyefariki 1996, aliona katika picha hiyo sababu ya watu kutendeana wema na kuitunza dunia. Udogo wa mbegu haujawahi kumzuia mkulima kuipanda.

Linalosikitisha ni kwamba taa za miji zinalififiza anga. Mtoto wa Nairobi aweza kukua bila kukijua Kilimia. Anachokikosa si uzuri pekee, bali pia kioo kinachomwonyesha udogo wake na wajibu wake kwa pamoja.

Januari, saa mbili usiku, Kilimia huwa juu sana angani, upande wa kaskazini. Mzazi aliye mashambani wakati huo na azime taa, amshike mwanawe mkono, watoke nje. Swali la kale litamjia mtoto lenyewe. Jibu atalitafuta kwa matendo yake kutakapopambazuka.