Asili ya Jina la Johnson

Kila taifa lina desturi yake ya kuwapa watu majina. Watu wa pwani, wakitaka kumtambulisha mtu, humtaja pamoja na baba yake: Juma bin Saidi, au Mwanaisha binti Ali. Waingereza nao walikuwa na desturi kama hiyo zamani, na alama zake zingaliko katika majina yao hata leo. Natutazame jina moja tu, Johnson, tupate kujua lilikotoka.

Jina hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni John, nalo ndilo jina lile lile tuliitalo sisi Yohana. Asili yake ni Kiebrania, na maana yake ni kwamba Mungu ametenda kwa neema. Kutoka Kiebrania liliingia katika Kiyunani, kisha Kilatini, kisha Kifaransa, na kila lugha ililigeuza kidogo kwa kadiri ya matamshi yake. Sehemu ya pili, yaani “son”, ni neno la Kiingereza lenye maana ya mwana wa kiume. Basi Johnson maana yake ni mwana wa Yohana.

Hapo kale Waingereza wengi walikuwa na jina moja tu. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaishinda Uingereza na kuitawala. Baada ya hayo majina mengi ya kale ya nchi yaliachwa, na watu wakapenda kuwapa watoto wao majina ya mabwana wapya, kama William na Robert, na majina ya watakatifu. Jina la John likapendwa sana, hata katika kijiji kimoja waliweza kuwapo akina John wengi. Ndipo ilipowapasa watu kuongeza neno la pili, wasije wakachanganyikana. Mmoja aliitwa kwa kazi yake, kama Smith, yaani mhunzi. Wa pili kwa mahali alipokaa, kama Hill, yaani kilima. Wa tatu kwa jina la baba yake.

Lakini hapo mwanzo jina la baba halikudumu. John akimzaa Thomas, mwana huyo aliitwa Thomas Johnson. Thomas naye akimzaa Robert, huyu hakuwa Johnson, bali Robert Thomson, kwa kuwa baba yake ni Thomas. Hivyo jina liligeuka kila kizazi, na wajukuu wa mtu mmoja waliweza kuwa na majina mbalimbali.

Ni nini basi kilicholifanya jina likae? Kwanza ni urithi. Mtu aliyedai shamba la babu yake ilimpasa kuonyesha kwamba yeye ni wa ukoo ule, na jina moja lililoandikwa tangu babu hata mjukuu lilimsaidia. Pili ni kodi. Kati ya mwaka 1377 na 1381 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kichwa mara tatu, na makarani walipita vijijini wakiandika majina ya watu. Kodi ya tatu ilikuwa shilingi moja kwa kichwa, yaani mara tatu ya ile ya kwanza. Watu wakakasirika, wakaasi, wakiongozwa na Wat Tyler na kasisi John Ball. Maasi yalishindwa, lakini desturi ya kuandika majina iliendelea. Tena mwaka 1538, katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, kila kanisa liliamriwa kuwa na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Jina lililokwisha kuandikwa halikugeuka upesi.

Kwa hiyo mtu aliweza kuitwa Johnson ingawa baba yake hakuwa John. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi mashuhuri ya Kiingereza mwaka 1755, baba yake aliitwa Michael, naye alikuwa muuza vitabu katika mji wa Lichfield. Katika nchi ya Iceland desturi ya kale haijaisha: mwana wa Jón huitwa Jónsson, na binti yake huitwa Jónsdóttir, yaani binti wa Jón.

Jina hili lilivuka bahari hata Marekani, na huko lina habari nzito. Watu weusi waliokuwa watumwa walihesabiwa mwaka 1850 na 1860, na karibu wote hawakuandikwa majina: iliandikwa umri, na kama ni mume au mke, na jina la bwana wao. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, na katika hesabu ya mwaka 1870 waliandikwa wote kwa majina yao kamili. Wengine walishika majina ya mabwana wa zamani. Wengine walijichagulia wenyewe. Wengi wao walikuwa akina Johnson. Katika hesabu ya mwaka 2010, watu zaidi ya 1,900,000 wa Marekani walikuwa na jina hili, na kama theluthi moja yao walikuwa watu weusi.

Mmoja wa watu hao weusi alikuwa Bibi Katherine Johnson, aliyezaliwa mwaka 1918, akapata jina hilo kwa kuolewa mwaka 1959. Alikuwa bingwa wa hesabu. Mwaka 1962, kabla John Glenn hajarushwa angani kuizunguka dunia, aliomba Bibi huyo azihakikishe kwanza hesabu za safari yake, naye akazihakikisha. Kwa maana ya maneno, mwanamke huyu aliitwa “mwana wa kiume wa Yohana”. Lakini hakuna aliyemcheka, maana jina lilikwisha kuwa la ukoo.

Maswali
1. Kwa nini Waingereza walihitaji jina la pili?
2. Taja mambo mawili yaliyofanya jina la ukoo lisibadilike.
3. Waulize wazee wako: jina la ukoo wenu lilitoka wapi, na maana yake ni nini?