Je, Wajua? Kompyuta Inayosaka Vinundu vya Mapafu

Je, wajua kwamba CT-Scan kwanza ni mashine ya hesabu, picha huja baadaye? Kila nukta ya mwili hupewa namba: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mfupa mgumu unaweza kufika 1000 au zaidi. Ndiyo maana hata kinundu (kivimbe kidogo) cha milimita 5 hujitokeza ndani ya pafu lililojaa hewa. Namba hizo zimepewa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza wa kampuni ya EMI, ile ile iliyotoa santuri za Beatles. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Upande wa hisabati, Allan Cormack alishaanza kulichokonoa tatizo la kuzipata namba hizo akiwa Cape Town miaka ya 1950. Nobel ya 1979 wakagawana.

Kifua hukatwa vipande vyembamba kama mkate wa boflo. Vipande vya milimita 1 kwa mapafu ya sentimita 30 ni picha 300, za mgonjwa mmoja tu!

Mshipa wa damu uliokatwa kwa upana huonekana duara, sawasawa na kinundu. Kompyuta hufuatilia kipande cha juu na cha chini: doa likiendelea kurefuka ni mshipa, likiishia hapo ni la kutiliwa shaka.

Je, wajua kuhusu gorila wa mapafuni? Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa madaktari 24 wa radiolojia picha za CT watafute vinundu, wakapachika ndani ya pafu picha ya gorila mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona. Vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba wengi wao walimtazama pale pale alipo. Hawakuwa wazembe; jicho lililotumwa vinundu huleta vinundu. Usiichekelee kompyuta lakini: programu iliyofundishwa vinundu peke yake nayo ingempita gorila bila salamu.

Wazo la kuitumia kompyuta kusoma picha za mapafu si la juzi. Gwilym Lodwick aliandika juu ya kuzigeuza picha za saratani ya mapafu kuwa namba za kompyuta mwaka 1963. Kunio Doi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walilivalia njuga miaka ya 1980.

Sasa, nani aliifundisha mashine? Hifadhi moja mashuhuri ya mafunzo, LIDC-IDRI ya Marekani, ina CT 1,018, kila moja ikisomwa na madaktari wanne. Madoa 2,669 yalitajwa na angalau daktari mmoja kuwa vinundu vya milimita 3 na zaidi. Yaliyokubaliwa na wote wanne? 928. Mwanafunzi ana walimu wanne wasioelewana, kisha tunamshangaa akikosea.

Na vifua hivyo si vya Makorora, Tanga. Katikati ya Marekani, makovu mengi ya mapafu huachwa na kuvu wa udongoni aitwaye histoplasma. Kwetu, kifua kikuu kilichopona ndicho huacha vidoa vigumu vyenye chokaa. Tanzania imo katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani. Kwa hiyo mkazi wa Makorora aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Bombo, akiambiwa "kuna kinundu", asiandike wosia. Hata huko Marekani, katika utafiti wa wavutaji sigara wa sasa na wa zamani 53,454 uliotangazwa mwaka 2011, CT ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, lakini asilimia 96.4 ya majibu yaliyotia shaka hayakuwa saratani.

Je, wajua kwamba Watanzania nao wamewahi kuitahini kompyuta? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulitumia eksirei za vifua vya watu wazima 861 wa hapa nchini kuijaribu CAD4TB, programu ya Uholanzi inayosaka kifua kikuu. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani likaruhusu programu za aina hiyo zisome eksirei badala ya binadamu, kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Morogoro, lakini, kuna msomaji asiyehitaji umeme. Panya buku wa shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), hunusa sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 wakisaka kifua kikuu. Maabara huthibitisha.

La mwisho ni la bure. Kinundu kigumu ambacho hakijakua kwa miaka miwili kwa kawaida si saratani, na hakuna kompyuta inayoweza kulijua hilo kwa picha moja. Inataka ya zamani ya kulinganishia. Ile bahasha kubwa ya eksirei iliyo juu ya kabati, ya mwaka ule uliokohoa, nenda nayo hospitali.